Delbert na Redio Isiyotaka Kwenda Kaskazini

Majirani zangu wa Skogdal, nanyi nyote mnaoishi na mtu mjuaji ndani ya nyumba, sogezeni vikombe karibu. Kisa hiki nimekiona kwa macho yangu mawili, nikiwa kwenye kiti cha nyuma, bakuli la viazi vya kuoka na nyama likinichoma mapaja. Asiyeniamini aje aangalie alama ya bakuli. Ipo hadi leo.

Nyumba ya Delbert na Arlys Kvamme ilikuwa nyumba ya amani. Kwa miaka arobaini na mmoja sikuwahi kusikia sauti ikipanda pale, isipokuwa ya birika. Kila Jumamosi asubuhi Arlys alioka keki ya tufaha, nami, jirani yao mstaafu, nilipita pale kwa bahati tu saa nne kamili. Bahati hiyo ilidumu miaka kumi na minne. Delbert yeye alikuwa gerejini, akilisugua gari lake la rangi ya damu ya mzee kwa nta na kitambaa laini. Sehemu aliyoipenda kupita zote ni paa. Lilimeta mpaka bata bukini wa vuli, wakielekea kusini, wakadhani ni bwawa wakataka kutua. Wawili walitua.

Amani ile ilivunjwa na kifurushi. Binti yao anayeishi mjini aliwapelekea zawadi ya Krismasi: redio ya gari inayonasa matangazo kutoka kwenye setilaiti, pamoja na mashine ya kuonyesha njia, ile inayokuambia geuka kulia, geuka kushoto. Kila kimoja kilikuja na antena yake: kidude cheusi, kidogo kama kiberiti, tumbo lake sumaku, mkia wake waya.

Mimi nimetengeneza redio za matrekta miaka thelathini bila kusomea hata siku moja. Kila kosa linalowezekana nililifanya mwenyewe kwanza, ndipo nikawa fundi. Kwa hiyo nilimwambia.

"Delbert, hizo zibandike juu ya paa. Katikati. Sumaku inashika yenyewe, hutoboi kitu. Zitaona mbingu yote."

Alinitazama kama niliyemwambia apake siagi kwenye kipara cha askofu.

"Ingvald, paa hili halijaguswa hata na ndege."

"Na wale bata?"

"Wale walikuwa wageni." Akaendelea kusugua. "Halafu fikiria mwenyewe. Dereva yumo ndani. Redio imo ndani. Antena ikae nje kwenye baridi ifanye nini?"

Basi antena ya redio akaiweka juu ya dashibodi, nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kisanamu cha samaki. Ile ya kuonyesha njia aliiogopea wezi, na hapa kwetu mwizi wa mwisho alikuwa mbweha. Akaitia ndani ya kopo la bati la biskuti, lile ambalo Arlys huwekea uzi na sindano, akalifunika, akalisukuma chini ya kiti.

"Kwenye bati?" nikamwuliza. "Hiyo ni sawa na kumfunga mtu kitambaa usoni halafu ukamwuliza njia."

"Wewe kula keki."

Nikala keki. Ndugu zangu, mara nyingi wema hushindwa kwa sababu ya keki.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana balaa lote limelala hapa. Zile setilaiti za redio, kwa sisi tunaokaa kaskazini huku, zimekaa upande wa kusini, chini chini kama jua la Desemba. Gari likielekea kusini, antena ya Delbert iliziona moja kwa moja kupitia kioo. Likielekea kaskazini, paa lenyewe, lile paa tukufu, liliziba. Redio ikakata, kimya. Ungemweleza hivyo mtoto wa darasa la pili angekuelewa. Delbert alisema, "Redio haipendi kaskazini. Kuna kitu huko hewani. Huenda ni mama mkwe."

Na Delbert alikuwa mgonjwa wa mechi za magongo ya barafuni. Kabla ya redio ile alisikiliza mechi moja kwa wiki, kwenye redio ya zamani iliyokoroma. Sasa zikawa kila siku, na zote angani. Akaanza kuishi maisha ya kusini. Kinyozi akawa wa kusini. Maziwa, kusini. Waliacha kanisa walilobatiziwa, lililokuwa nyumba tatu tu kaskazini ya kwao, wakahamia lingine maili kumi na mbili kusini, na Delbert akamwambia mchungaji kwamba ni Roho amewaongoza. Kurudi nyumbani alingoja mapumziko ya mechi. Anaendesha kaskazini zile dakika kumi na nane wachezaji wakiwa wanapumzika, kisha anageuza gari, anaegesha pua ikitazama kusini, anasikiliza kipindi kizima, halafu anaendelea. Arlys alimaliza kufuma soksi tisa akiwa kando ya mashamba ya watu. Ya kumi aliiacha njiani, mechi iliisha mapema.

Kwa kaskazini, maili sabini, ndiko aliko mama yake Arlys, Bi Borghild. Kwa miaka miwili Arlys hakufika. Mara gari linahitaji mafuta ya injini. Mara barabara ina barafu, na ilikuwa Julai. Kila mara Arlys alisema, "Sawa basi."

Kwetu mwanamke akisema "sawa basi", msidhani amekubali. Ameandika deni.

Februari iliyopita simu ililia, nami nilikuwapo, kwa bahati. Bi Borghild ana sauti ambayo haihitaji simu, kwa hiyo sote tulisikia.

"Arlys! Machi nafikisha tisini. Kahawa inamiminwa saa tisa, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Unajua siku hiyo natoa nini."

Arlys alishika meza. Alijua. Katika ukoo wao kuna mti wa kusukumia lefse, zile chapati za viazi, nyembamba kiasi kwamba unaweza kusomea gazeti kupitia kwake. Mti huo bibi yake Borghild alikuja nao melini kutoka Norwe, umechongwa mistari, umelainishwa na viganja vya wanawake watano. Mwenye nao akitimiza tisini humpa binti anayeketi kuume kwake kikombe cha kwanza kinapomiminwa. Asiyekuwapo, hayupo. Haingojwi barua wala simu.

"Usipofika," sauti ikaendelea, "nampa Verna."

Verna ni mdogo wake Arlys. Ni mwanamke mwema sana. Lefse zake ni nene kama soli ya kiatu, na mwaka juzi alikutwa akinunua za dukani.

Arlys alikata simu, akamgeukia mumewe.

"Tutakwenda, Delbert."

"Tarehe ngapi hiyo? Jumamosi ile kuna nusu fai..."

"Sawa basi," akasema Arlys, na hata paka akatoka nje.

*

Siku ilifika. Mimi nilichukuliwa niwe uzito wa nyuma, ili magurudumu yashike theluji, na mshika bakuli. Tulipaswa kuondoka saa nne. Delbert alisugua paa hadi saa sita kasorobo. Tulikuwa tumeendesha dakika kumi na tano tu, akatazama saa, akageuza gari, akaegesha kando ya shamba, pua kusini. Filimbi ikalia redioni.

"Kipindi kimoja tu," akasema.

Mchezo ule una vipindi vitatu.

Nitawafupishia. Tuliegesha, tukaendesha, tukaegesha tena. Arlys alikaa amevaa koti lake zuri la buluu, mikono juu ya mkoba. Kipindi cha pili kilipoisha, tukaendesha zile dakika zetu kumi na nane, kisha Delbert akapunguza mwendo ageuze. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano, na mbele yetu zilibaki maili ishirini na nane.

"Delbert," akasema Arlys taratibu, "miaka arobaini na mmoja nimekula samaki wako wa kukaanga wenye miba. Sijasema neno."

"Arlys, mpenzi, ni mbili kwa mbili!"

"Mama yangu ana miaka tisini kwa sifuri."

Delbert alimtazama mkewe. Akaitazama redio. Nikaona wazo likiingia kichwani mwake, na halikupata upinzani wowote humo ndani. Akageuza gari likatazama kusini, redio ikafufuka ikipiga kelele. Halafu akatia rivasi.

Naapa, nami siapi zaidi ya mara tano kwa siku: tulikwenda kaskazini kinyumenyume maili kumi na moja. Delbert amepinda shingo nyuma, pua yake karibu na yangu, akiendesha kwa kupitia sikio langu la kushoto.

"Ingvald, inamisha kichwa, kuna kona!"

"Mechi vipi?" nikamwuliza, maana na mimi ni binadamu.

"Ingvald!" akafoka Arlys.

Tulipita trekta. Mwenye trekta alivua kofia, kama kwa msafara wa maziko. Ng'ombe wa shamba moja walianza nao kurudi nyuma, wakidhani ni sheria mpya.

Kisha taa za buluu zikatokea mbele yetu, yaani nyuma yetu. Siku hiyo sikuwa na uhakika wa chochote. Askari wa kaunti, dada mmoja aitwaye Renae, alikuja dirishani amekunja uso.

"Mzee, unaendesha kinyumenyume."

"Hapana, nakwenda kaskazini."

"Gari linatazama kusini."

"Linasikiliza mechi."

Renae akaitazama redio. Akainama kidogo. "Ngapi ngapi?"

"Mbili mbili, dakika nane zimebaki."

Akaegemeza kiwiko dirishani. Tukasikiliza wote, mashambulizi mawili mazima, theluji ikijikusanya juu ya kofia yake. Arlys ndiye aliyesema, kwa adabu kali hata ningependelea nipigwe teke, "Binti yangu, kama umeshapumzika, mimi nina mama."

Renae akasimama wima, akakumbuka sare yake. "Mzee, geuza gari uendeshe kama watu. Nikikuona tena hivi, nakutia ndani. Tena chumba kinachotazama kaskazini."

Delbert akageuza. Redio ikafa. Uso wake ukafa nayo. Ilikuwa saa nane na nusu.

Sasa barabara kuu mbele ilikuwa imefungwa, daraja linatengenezwa, nasi tukafika njia panda. Arlys alizaliwa maili kumi na tano kutoka pale. Ametembea njia zile kwa miguu, kwa baiskeli, na kwa farasi mwenye jicho moja.

"Kushoto," akasema.

Wakati huo huo gari likaruka tuta la theluji, kifuniko cha kopo la biskuti kikafunguka chini ya kiti, na ile antena, katikati ya sindano na vifungo, ikaiona mbingu kwa mara ya kwanza tangu Krismasi ile ya zawadi. Sauti ya kike ikanguruma, "Geuka kulia!" Kifuniko kikajifunga. Kimya. Kumbe ilikuwa ikizungumzia kona tuliyoipita zamani.

"Unaona?" Delbert akasema. "Mashine imesema kulia."

"Delbert, mimi nimezaliwa huku."

"Wewe umezaliwa mara moja. Mashine inaangalia kila dakika."

Akakata kulia. Njia ikashuka, miti ikaisha, vibanda vidogo vya mbao vikatokea vikitoa moshi. Mimi nilishajua kwamba tuko juu ya ziwa, katikati ya wavuvi waliotoboa barafu, ila nilikuwa nimechoka kusikilizwa. Gari likateleza, likazunguka mara moja kwa madaha, likazama magurudumu ya nyuma kwenye theluji. Kopo likafunguka tena.

"Umefika unakokwenda," ikasema mashine.

Mvuvi mmoja mzee akatoa kichwa kibandani, akalitazama gari linalometa, akatutazama sisi na koti la buluu na bakuli.

"Naam," akasema. "Hii ni tofauti kidogo."

Hilo ndilo tusi kubwa kabisa katika kaunti ile.

Delbert alianza, "Tatizo ni kwamba kaskazini..."

"Shuka," akasema Arlys.

"Nini?"

"Shuka, Delbert. Ukae nyuma. Ushike bakuli."

Hakupiga kelele. Kama angepiga, nisingemwogopa hivyo. Alinyoosha mkono akaing'oa antena ya redio juu ya dashibodi. Akainama, akafungua kopo la bati, akaitoa ya pili ikiwa imebeba uzi mweupe na kifungo cha shati. Akashuka kwenye theluji.

"Ingvald. Ulisema wapi?"

"Katikati ya paa. Zisikaribiane sana, kiganja kimoja au viwili kati yake. Waya upitishe chini ya ule mpira wa mlango, usibanwe na chuma."

"Arlys!" Delbert alilia, bakuli mkononi. "Nta! Nimepaka leo!"

*Tak.* Ya kwanza. *Tak.* Ya pili. Ndugu zangu, nimesikia kengele za makanisa matatu, lakini sijasikia sauti tamu kama ile.

Mimi na mvuvi tukasukuma. Arlys alishika usukani, akaligeuza gari, tukapanda ufukweni, akashika ile njia ya kushoto pale njia panda, kaskazini moja kwa moja. Na redio ikapaza sauti: "...bado mbili kwa mbili, tunaingia muda wa nyongeza!"

Huko nyuma Delbert alikaa kama aliyepigwa na nyota. "Tunakwenda kaskazini," akanong'ona. "Ingvald, tunakwenda kaskazini, nami nasikia."

"Kaskazini kulikuwa hakuna kosa lolote, bwana."

"Endelea moja kwa moja, maili kumi na nne," mashine ikasema kwa upole, kama iliyotoka gerezani.

"Najua," Arlys akaijibu.

Sitasema alikimbia mwendo gani, maana Renae atasikia. Tulifika ukumbini dakika moja kabla ya saa tisa. Bao la ushindi liliingia tukiwa tunakata kona ya kanisa, na Delbert alipiga yowe hata viazi vikaruka. Mlangoni alikuwa amesimama Bi Borghild mwenyewe, fimbo mkononi. Macho yake siku hizi huona vivuli tu, lakini yowe lile alilisikia. Ndani, Verna alikuwa ameshavuta kiti cha kuume, na birika limeshainamishwa.

"Subirini!" bibi akawaambia wa ndani bila kugeuka. Birika likasimama hewani.

Alilisogelea gari, akapapasa paa kwa kiganja, taratibu, hadi vidole vikagonga kile kidude cheusi.

"Hiki nini?"

"Antena, mama," Arlys akasema. "Ilikuwa imewekwa mahali pabaya. Ndiyo maana sikuwa nakuja."

Bi Borghild akaipapasa tena, akaitikisa. Haikung'oka.

"Sasa imekaa mahali pake," akasema. "Njoo na wewe ukae pako."

Akamshika mkono akamwingiza. Verna akahama kiti bila ugomvi. Nadhani hata yeye alikuwa anauogopa ule mti. Kahawa ikamiminwa. Mti ukawekwa juu ya koti la buluu. Arlys aliuzungusha tu kwenye viganja huku na huku, na mvua ndogo ikamshuka mashavuni.

Delbert alisimama mlangoni na bakuli lake. Bi Borghild akaelekeza fimbo kwake bila kukosea hata inchi moja.

"Na wewe uliyedhani mimi naziba hewa, leta viazi."

Alileta. Akamwinamia mkewe akasema kitu. Niko karibu kila mara, kwa bahati, kwa hiyo nilisikia. Alisema, "Nilikuwa mjinga."

"Sawa basi," akajibu Arlys. Safari hii alicheka.

FUNZO

Enyi wenye magari, antena ikae nje, juu ya paa, katikati, chuma chini yake na mbingu juu yake. Msiifiche chini ya bati, msiitupe nyuma ya kioo mkategemea huruma ya barabara, wala msiziunganishe mbili zikakaa pua kwa pua. Paa limeumbwa kwa kubeba, si kwa kutazamwa.

Nanyi wenye nyumba, jueni kwamba ujuaji ni bati. Mtu akijifunika nalo, hasikii wa juu wala wa pembeni, na huongea kwa kuchelewa akiwapeleka watu ziwani. Mkeo akikuambia ni kushoto, na alizaliwa huko, ni kushoto. Kitu unachokisugua hakitakulilia siku ukifa, lakini mzazi anayekungoja anahesabu vikombe. Msipange safari kwa kufuata starehe inaposikika. Mtazunguka maisha yenu yote upande mmoja wa dunia.

Delbert amepona kabisa. Siku hizi husugua paa akizunguka antena kwa uangalifu, na akija mgeni humwonyesha zilivyokaa, akimweleza kwamba ni yeye aliyegundua mahali pale. Kila Jumamosi huenda kaskazini, Arlys akisukuma lefse na mama yake hadi jioni.

Kwa hiyo Jumamosi keki haiokwi tena. Nilipita pale wiki iliyopita, kwa bahati, saa nne kamili, nikakuta mlango umefungwa na paka ananitazama dirishani. Mwenye ushauri mzuri na autoe, lakini kwanza ashibe.